Chupa Iliyokuwa Baridi

Mwanangu Faida,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za sabuni, na za kukaa vizuri na wasichana waliotoka vilima vingine. Sitarudia. Kamyo ya maharagwe itakupitia kesho asubuhi ikupeleke shuleni, na najijua: kesho nitakuwa mtu wa kushika kamba na kusema "funga hapa, legeza pale," basi. Neno la maana halitanitoka. Kwa hiyo naandika leo jioni, jua likiwa bado juu ya malisho, nikikusikia huko nje ukicheka na dada yako Zawadi, mtoto wa baba yako mdogo, mkimenya ndizi za njiani.

Nitaanza na chupa.

Jumatano asubuhi nilikuomba mkojo wako wa kwanza wa siku. Nilikuambia kwamba shule ya wauguzi hupima kila mwanafunzi mpya, afadhali tujue mapema. Ukachukua chupa, ukaenda nyuma ya nyumba, ukarudi upesi, ukanipa huku unaangalia kuku. Nikatia matone machache ndani ya ile dawa ya bluu niliyopewa kwenye dispanseri yangu ya zamani, nikaichemsha juu ya taa ya spiriti, na ikabaki bluu. Bluu maana yake hakuna sukari. Mama yako akapiga kigelegele kifupi. Mimi nikasema asante Mungu, nikaosha vyombo.

Lakini Faida, ile chupa ilikuwa baridi.

Nimeshika chupa za namna hiyo miaka yangu yote ya kazi. Mkojo uliotoka sasa hivi una joto la mwili wa mwenyewe. Asubuhi za kwetu Masisi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, chupa kama hiyo hupasha kiganja kama kikombe cha maziwa. Yako ilikuwa kama jiwe la mtoni. Nikanyamaza. Najua ulishangaa siku ile kwa nini niliishika kwa muda mrefu kabla ya kuifungua. Acha nikueleze kwa nini nilinyamaza, na kwa nini sinyamazi tena.

Ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako, vita vya wazungu vimekwisha karibuni, wakati daktari mmoja alipofika kwenye dispanseri yetu na masanduku ya chupa. Hakuja kutibu. Alikuja kutafuta. Alinieleza kwamba kwao watu wengi wanakufa kwa ugonjwa wa moyo na ugonjwa wa sukari, wakiwa bado na nguvu za kazi. Alitaka kujua damu ya watu wa vilima, wanaokunywa maziwa, inatofautiana vipi na damu ya watu wa msitu wa Walikale, wanaokula muhogo na nyama ya porini. Alitaka kujua pia kama magonjwa hayo yanatoka katika chungu cha chakula tu, ao yanarithiwa kutoka kwa wazazi. Kwa hiyo hakutaka wagonjwa. Alitaka wazima, na alitaka jamaa nzima nzima, wakubwa kwa wadogo.

Nilipotangaza jambo hilo baada ya misa, Papa Bauma, mkubwa wa jamaa yetu wakati ule, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Karolo, muganga mwenye kutafuta wazima, yeye anakula nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwingine akasema damu yetu itapelekwa Ulaya kutiwa ndani ya mikebe. Nikamwambia aache upuzi. Lakini moyoni, na koti langu jeupe, nilikuwa nashuku kama wao, ila kwa maneno ya shule. Nilimuuliza daktari: ukimaliza kuhesabu, tutajuaje ulichokiona? Akasema, "Nitaandika." Hakuandika. Mpaka leo sijui mioyo yetu ilionekana namna gani kwake.

Sasa usikilize vizuri, maana hapa njo pa kosa langu. Kwetu mtu ambaye bado anazaa haachi mkojo wake mkononi mwa mgeni. Wewe unajua. Watoto ambao hawajazaliwa wako mle, na mwenye nia mbaya anaweza kuwafunga. Jambo hili sikulisoma popote, nililelewa nalo. Hata hivyo niligawa chupa jioni, nyumba kwa nyumba, nikasema, "Mulete kesho asubuhi." Niliona wanapokea kwa heshima, nikadhani wamekubali. Koti lilikuwa limenisahaulisha watu wangu.

Asubuhi wakaja wote. Wamama walikuwa wamefunika chupa zao kwa majani ya ndizi, na nyuso za kanisani. Daktari akachemsha ya kwanza: dawa ikatoka bluu, ikapita kijani, ikawa nyekundu ya tofali. Maana yake sukari nyingi. Ya pili, tofali. Ya kijana anayebeba magunia, tofali. Ya mama aliyejifungua juzi, tofali. Mwanzoni daktari alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Tazama, Karolo," akasema, "ukoo mzima!" Akaendelea kuchemsha. Kisha furaha yake ikaanza kupungua, akaacha kutazama dawa, akanitazama mimi.

"Umemimina kutoka chupa moja?"

Nilikasirika sana. Siku zote nilikuwa nikimshuku yeye, na haikunijia hata kidogo kwamba yeye naye anaweza kunishuku. Nikamwambia awaulize wenyewe. Akaamuru kila mtu akojoe tena, pale pale, mbele ya macho yake.

"Mbele yako?" akasema Papa Bauma. "Na weye utakojoa mbele ya nani?"

Watu wakacheka, lakini vijana walikuwa wamekwisha kusimama, na wamama walikuwa wanawavuta watoto wao. Nikaona asubuhi ile inaweza kuharibika. Hapo Shangazi Marta akajinyanyua kutoka kwenye jiwe alipokuwa amekaa. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Ndiye aliyenilea, na wewe unamkumbuka kidogo, yule mzee aliyekuwa anakupa maharagwe ya kuchezea.

"Muache kelele," akasema. "Ile mikojo yote ni yangu. Walikuja kwangu jana, mumoja mumoja, na chupa chini ya kitenge. Miye sizai tena, muntu atanifunga nini? Nikawajazia. Na kama muzungu anataka ingine, alete chupa. Niko nayo ya kutosha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeponyoka. Daktari peke yake hakucheka. Alimwendea, akamtazama mikono iliyokonda, akaniambia nimuulize kama anakunywa maji mengi.

"Nakunywa kama ngombe," Shangazi akajibu. "Na usiku naamuka, naamuka. Ni uzee."

Haukuwa uzee. Nikueleze kama nilivyokuja kuelewa mwenyewe, maana kesho kutwa watakueleza kwa Kifaransa na maneno yatakuwa marefu. Chukua ghala letu la maharagwe, lile lililosimama juu ya miti. Limejaa mpaka juu. Lakini ngazi haipo. Wenye nyumba wanakaa chini ya chakula chao, wanaangalia juu, wanakonda. Ndivyo mwili wa mgonjwa huyu. Sukari imejaa katika damu, ila haiwezi kushuka kwenda kwenye nyama na mifupa. Ngazi ni dawa ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika kiungo kidogo nyuma ya tumbo. Kiungo kikichoka, ngazi inapungua ao inakwisha. Sukari inazidi, inamwagika pamoja na mkojo, na inavuta maji mengi. Ndiyo maana ya kiu, na ndiyo maana Shangazi aliweza kujaza chupa za ukoo.

Daktari akaniuliza: huyu ana ndugu? Nikajibu kwamba alikuwa na mmoja tu, baba yangu, na amekufa. Kwa nini? Kwa kidonda cha mguu. Kabla ya hapo? Alikuwa na kiu. Alikonda. Na nyuma ya nyumba, pale alipokuwa anakojoa...

Nikakatika, Faida. Nilikuwa namjibu daktari kwa Kifaransa, sauti yangu ikatoka mpaka pale, halafu nikajisikia mwenyewe.

Unajua kwamba koko wako, mama yangu, ni mtu wa Itebero, kule msituni. Umeambiwa alirudi kwao baada ya kifo cha mume wake. Hukuambiwa namna alivyorudi. Baba yangu alipokuwa anakonda, sisimizi walikuja kwa mstari nyuma ya nyumba, kila asubuhi, mahali pale pale. Shangazi Marta ndiye aliyewaona wa kwanza. Alisimama pale akaita watu: "Muone hawa. Wametumwa." Na watu wa kilima walikuwa na neno lao tayari, kwamba watu wa msitu wanajua sumu. Mama alipika chakula cha mume wake, ni nani mwingine? Siku ya maziko alipewa kikapu chake na kuonyeshwa njia ya Kalembe. Mimi nilibaki kwa Shangazi, nikarudi shuleni. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na mdomo, na sikumuuliza mtu yeyote kitu chochote.

Baadaye nilisomea uuguzi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mkojo wa mgonjwa wa sukari huvuta sisimizi. Niliandika hivyo katika mtihani, nikapongezwa. Wala sikuwahi kuwachukua wale sisimizi wa mtihani na kuwaweka karibu na ukuta wa baba yangu. Wa mtihani walikuwa wa Kifaransa. Wa nyumbani walikuwa wa Kihunde, lugha yetu. Nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, mzungu, serikali, mwenye duka, isipokuwa neno lililosemwa na watu wa nyumba yangu.

Daktari alinieleza habari ya kurithi kwa mfano wa ng'ombe. Umeona kwa jirani yetu: ng'ombe mweusi na dume jeusi wanazaa ndama mwekundu, na wenye ng'ombe hawapigani, wanajua wekundu ulikuwa umelala katika damu tangu kwa mababu. Ugonjwa huu, alisema, unafanana na hivyo, ila hakuna anayejua bado unalalaje, wala kwa nini unaamka kwa huyu na kumwacha yule. Hilo njo alikuwa anatafuta. Nilimwamini kwa sehemu. Alipofungasha chupa za damu aliyokuwa ametutoa na kuondoka, nilishuku tena.

Shangazi nilimweleza mwenyewe, polepole, mpaka kwenye sisimizi. Siku nyingi zikapita. Kisha akaniambia: "Unipeleke Itebero."

Tulimbeba kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, tukapita Kalembe, tukaingia msitu. Alikunywa kwenye kila kijito. Huyu ndiye mwanamke aliyetufundisha sote kwamba kwa watu wa msitu hatuli, hatunywi. Tulimkuta mama yangu anamenya muhogo mbele ya nyumba. Alimtambua mara moja, lakini kisu hakikusimama.

"Wifi," Shangazi akasema, "miye nakojoa sukari."

"Ulipita pori yote kunieleza habari ya mikojo yako?"

"Njo ileile ya ndugu yangu. Ileile. Weye hukufanya kitu."

Mama akamaliza muhogo uliokuwa mkononi. Akaonyesha kwa kisu. "Enda kule, kwenye migomba. Kojoa, tuone."

Shangazi akaenda, akarudi. Wakakaa wote wawili karibu na migomba, wanatazama udongo. Mimi nikaona ni wakati wangu wa kueleza. Nikaanza na ghala, nikaingia kwenye ngazi.

"Mutoto wangu, nyamaza," mama akasema. "Tunangoja sisimizi."

Walikuja. Mmoja kwanza, wa kuonja, kisha mstari mzima kutoka chini ya jani. Mama aliinama karibu nao.

"Njo hawa," akasema. "Walichelewa."

Kisha akaingia ndani, akatoka na maji katika kibuyu, akampa Shangazi. Shangazi akayatazama yale maji. Kiu yote ile, na bado aliyatazama. Mama aliona. Akakichukua tena kibuyu, akanywa yeye kwanza, taratibu, akampa tena. Shangazi akanywa mpaka chini bila kupumua.

"Kweli uko mugonjwa," mama akasema, na hapo wakacheka, ninyi wanawake mnajua wenyewe namna ya kucheka vile.

Shangazi alipelekwa baadaye kwenye hospitali kubwa, akachomwa sindano za ile dawa ya ngazi, akarudi na mwili. Tuliishi naye tena. Siku moja akipepeta maharagwe alishika kifua, akakaa chini, moyo ukasimama. Daktari aliwahi kusema kwamba sukari ikikaa sana katika damu inachakaza mishipa ya moyo. Labda ni hivyo. Yule ambaye angetuambia alikuwa na damu yake katika chupa, na hakuandika.

Unakwenda sasa mahali pa chupa na koti jeupe. Siwezi kukuambia uamini, na siwezi kukuambia ukatae. Siku watakapokuja watu wa kutafuta, watakapokutuma wewe kugawa chupa kwa kuwa unajua lugha ya watu, uwaulize: munatafuta nini, jibu litakuwa la nani, na litarudi lini kwenye kilima hiki? Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu. Na wenye chupa usiwaachie chupa na kwenda. Kaa nao mpaka wakuambie wanaogopa nini. Kushuku hakukutuua sisi. Tuliumizwa na kushuku bila kuuliza, kila mtu na chupa yake chini ya kitenge.

Basi nauliza.

Nimekuona kwenye mtungi siku hizi, Faida. Unakunywa, unafuta mdomo, halafu unatazama kama nipo. Nguo ya Pasaka inakulegea mabegani. Inaweza kuwa ni joto la mavuno, na kupanda na kushuka kilima na magunia. Natamani iwe hivyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutazama udongo, mzee mzima nimeinama kama mwizi, na mvua ilikuwa imekwisha kuosha kila kitu. Namshuku pia Zawadi. Tangu Jumatano hawezi kunitazama bila kuziba mdomo. Nadhani ile bluu ni yake, ilijazwa mapema na kungojea kwenye umande. Na nadhani najua sababu: ulifikiri kwamba nikiona tofali nitaizuia kamyo, na kwamba shule haiwapokei wagonjwa. La pili silijui, nami nalishuku. La kwanza ni kweli. Nikiona tofali nitaizuia kamyo.

Sikufichi, kwa sababu nikikuficha tutakuwa tumerudi kule kule. Lakini ujue pia kwamba si zamani za baba yangu. Ngazi ipo, inaingia kwa sindano. Kama ni tofali, kamyo itaondoka na mimi na wewe juu yake, hospitali kwanza, shule baadaye, na shuleni nitasema nao mimi, na Kifaransa changu chote. Wakikataa, watakuwa wamekataa mbele yangu, nami nitawauliza sababu mpaka wachoke. Kama ni bluu, utakwenda, na utaninunia mpaka Noeli kwa barua hii. Nitakubali.

Sitasimama nyuma ya nyumba kukutazama. Sisi si watu wa kukojoa mbele ya mtu. Sitamwambia mama yako, wala Zawadi sitamgombeza. Barua hii naiweka pamoja na chupa tupu ndani ya kiatu chako kipya, maana najua utakijaribu tena kabla ya kulala.

Kesho kabla ya kamyo nitakuwa jikoni, na taa ya spiriti imewashwa. Yangu nimeipima leo, ni bluu, kwa sasa. Ukija na yako sitakuuliza neno lolote, na kabla ya rangi yoyote nitaishika kwanza kidogo kiganjani. Nataka tu iwe na joto.

Papa yako,
Karolo